Mkwe Aliyerudisha Samaki Mtoni

Jumatatu, 9 Juni

Wakwe wamefika kutoka Kharumwa. Mzee Bujiku, mama mkwe, mabegi mawili, gunia la michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, na jogoo mwekundu mwenye mkia wa kifahari. Watakaa kwetu hapa Nyahanga hadi wiki ijayo. Jumapili mzee atamtaja mwenyekiti wa kamati ya harusi ya Mariana, binti yake wa mwisho. Ni mmoja kati ya waume wa binti zake wakubwa: mimi au Valerian.

Valerian ni mwanyumba wangu, kamuoa dada wa Eufrasia, mke wangu. Ni mwalimu. Ana faili. Leo kaja kuamkia na faili kwapani, kumbe keshaorodhesha wageni wote wa harusi kwa mpangilio wa alfabeti. Mzee kalipapasa lile faili kama anapapasa ndama. Mimi nachaji simu za watu na kunyoa nywele. Nina miaka sita ya ndoa na mzee akinitaja bado anasema yule kinyozi wa Eufrasia. Jina langu hajawahi kulitamka.

Nautaka uenyekiti huu mpaka tumbo linauma. Au ni michembe.

Nimeila nyuma ya nyumba, nimekalia ndoo iliyopinduliwa. Mkwe wa kiume hali mbele ya mama mkwe, hakai naye mkeka mmoja, hampi mkono. Mila ni mila. Jogoo alinitazama muda wote.

Jumanne, 10 Juni

Mungu hamtupi mja wake. Leo nimemnyoa Bwana Henrik, mzungu wa mitambo ya kuchoronga miamba. Anarudi kwao mwisho wa mwezi. Kabla ya kuondoka anataka kuonyesha filamu za uvuvi anaoupenda, Jumamosi saa kumi na moja jioni, ukumbi wa parokia, bure, kila mtu aje na familia yake. Kwao ndoano hufungwa manyoya ya kuku mpaka ifanane na nzi, kisha mtu husimama mtoni akirusha kamba kutwa nzima. Alieleza na mengine, ila mashine ya kunyolea ilikuwa inaunguruma na mimi nilikuwa nawaza.

Anahitaji mtu wa kushika kipaza sauti na kutafsiri, kama wanavyofanya kwenye vibanda vya video. Nikamwambia kazi hiyo nimeifanya miaka. Kweli yenyewe ni kwamba nimeshika kipaza sauti mara moja tu, msibani, kutangaza kiatu kilichopotea. Kiingereza changu ni cha sinema za mabondia. Bwana Henrik akataka kunipa filamu kwenye flashi niitazame kabla. Nikakataa. Fundi hafanyi majaribio.

Mzee atanisikia nikiuongoza ukumbi mzima kwa mdomo wangu. Faili halina mdomo.

Alhamisi, 12 Juni

Nimeona niandae ndoano ya mfano, watu waishike. Ndoano nilinunua. Manyoya yalikuwa mkiani mwa jogoo. Nilikusudia matatu. Jogoo akapinga, tukavutana, nikatoka na kumi na moja. Sasa anatembea kinyumenyume akiona watu.

Mama mkwe haongei nami moja kwa moja. Kamtuma Eufrasia aniulize jogoo kapatwa na nini. Nikajibu kupitia Eufrasia kwamba ni paka. Akauliza kupitia Eufrasia ni paka wa nani. Swali hilo Eufrasia alilileta pamoja na jicho ambalo mama yake hakulituma.

Ndoano haifanani na nzi. Inafanana na mswaki wa zamani. Sitaionyesha.

Valerian amepata habari. Amesema atakuja ukumbini kuandika kumbukumbu.

Jumamosi, 14 Juni

Ukumbi ulijaa, wengi wachimbaji na familia zao. Mama mkwe mstari wa mbele upande wa wanawake. Mzee upande wa pili, na Valerian pembeni yake, faili mapajani.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Mto, milima, mzungu kavaa suruali ya mpira mpaka kifuani. Nikawaambia huyu alikuwa mchimbaji, shimo likamgomea mara tatu, akaamua kuhamia kwa samaki. Wachimbaji wakapiga makofi. Kamba ikarushwa, samaki akanasa, ukumbi mzima ukasimama. Yule bwana akamshika samaki, akamtazama kwa huruma, akamrudisha majini.

Mtu wa nyuma akauliza kitoweo kimekwenda wapi. Nikasema huyo ni mtoto, katumwa amwite baba yake. Wakacheka. Baba mtu akaja, mkubwa kama mtoto wa mbuzi. Akarudishwa. Akaja wa tatu, mkubwa zaidi. Akarudishwa. Hapo watu wakaanza kununa. Mzee Bujiku, ambaye aliwahi kutembea siku mbili kumtafuta ndama mmoja, akasimama akauliza mtu anayekamata na kuachia anaumwa ugonjwa gani. Valerian akafungua faili akaanza kuandika.

Bwana Henrik alikuwa akinieleza jambo kwa haraka, sikuambulia neno. Ndipo kwenye filamu akatokea mama mmoja mwenye mvi, yuko ukingoni, anatandika kitambaa na kupanga chakula. Bahati hiyo! Nikasema, tazameni, yule ni mama mkwe wake. Bwana huyu yuko ukweni. Atakulaje samaki mbele ya mama mkwe? Ndiyo maana anawarudisha. Ana heshima kama sisi.

Wanawake wakapiga vigelegele. Mama mkwe akaitikia kwa kichwa, jambo ambalo kwangu hajalifanya tangu nioe. Mzee akakaa akasema gete, kweli kabisa. Valerian akafunga faili. Kwa muda wa dakika moja nilikuwa mwenyekiti.

Kisha yule bwana akatoka mtoni, akavua kofia, akamshika yule mama kiuno na kumbusu mdomoni. Halikuwa busu la kupita. Baadaye wakakaa kitambaa kimoja, wakala mkate mmoja, huyu akimega na yule akimega.

Mama mkwe akajifunika kanga uso mzima akatoka. Wanawake wakamfuata. Wanaume nao wakatoka, asije mtu akasema walibaki. Alibaki mzee peke yake. Akatazama mpaka mwisho. Bwana Henrik akaniuliza kama wageni wamefurahi.

Jumapili, 15 Juni

Kikao kimefanyika baada ya misa. Mwenyekiti ni Valerian. Mimi nimetozwa kondoo mmoja wa kumfuta mama mkwe aibu, kwa kuonyeshwa kisichoonyeshwa. Nikajitetea kwamba aliyebusu si mimi. Mzee akajibu kwamba mzungu hakusema popote kuwa yuko ukweni. Aliyesema ni mimi.

Nimeumia, sifichi. Jioni nilikwenda kukaa kwenye ndoo yangu nyuma ya nyumba.

Mzee akanifuata. Akakalia kinu. Akauliza kwa sauti ya chini kama yule bwana mwishowe alipeleka nyumbani hata samaki mmoja. Nikakiri kwamba sijui. Lugha yao siijui, na filamu nilipewa niitazame kabla nikakataa. Na aliyemnyonyoa jogoo ni mimi.

Mzee akaanza kucheka, akacheka mpaka kofia ikaanguka na jogoo akakimbilia jikoni. Akasema katika miaka sita hii ndiyo mara ya kwanza ananisikia nikisema kweli. Akasimama, akanipigapiga begani, akasema lala salama, Jilala.

Jilala. Kwa jina langu.

Jumanne, 17 Juni

Sijalala siku mbili kwa furaha. Nimelipima jambo lile kwa kila upande na funzo liko wazi: mzee ananikubali, na anapenda nikishika kipaza sauti.

Valerian kanipanga kwenye maji ya kunawa. Si neno. Leo faili lake lilikuwa wazi mezani nikaona kwamba bosi wa bwana harusi, Mchina mwenye mtambo wa kusaga mawe, atatoa hotuba siku ya harusi na hana mkalimani. Nikawahi. Nimeiambia kamati Kichina nakimudu, Wachina nimewanyoa miaka mitatu. Bosi mwenyewe ametuma ujumbe kwamba ataniletea hotuba mapema niipitie. Nimemjibu hakuna haja.

Jioni mama mkwe ametuma swali kupitia Eufrasia. Anauliza kama yule kondoo nitamleta sasa, au asubiri harusi ipite achukue wawili kwa pamoja.