Mgonjwa Haulizwi

Jumatatu, 8 Januari 1996

Siku ya kwanza kwenye kliniki ya Daktari Riungu, hapa Kanyakine. Nilivaa sweta ya shule. Nembo nimeibandua, alama imebaki.

Tuko wawili, mimi na Virginia, tuliyemaliza naye kidato cha nne. Nafasi ni moja. Jumamosi Daktari atachagua msaidizi, na huyo ndiye Daktari atamsaidia kuingia chuo cha wauguzi. Atakayeachwa, shauri yake. Shauri langu baba ameshalikata: nitakwenda Gachoka kwa Shangazi Marcella, nikafukuze ndege kwenye mawele. Gachoka! Jua la kule hukausha hata mate.

Daktari alitufundisha kazi. Mgonjwa akiingia, mkalishe, msalimie, muulize. Anasikia nini, tangu lini, amekula nini, analala vipi. Kupima ni baadaye. Virginia papo hapo akamwuliza mzee wa kanisa kama choo chake ni kigumu au chepesi. Mzee wa kanisa! Naye akajibu, kwa kirefu. Mimi nilikuwa chini ya meza nikitafuta kalamu. Kalamu ilikuwa mkononi.

Hilo la kuuliza limenishinda. Mtu mzima akinitazama tu, sauti yangu hukimbilia tumboni. Lakini nimewaza jioni yote nikaona njia. Macho ninayo. Tabibu mwenye macho anauliza ya nini?

Jumanne, 9 Januari

Mpango wa kwanza. Upungufu wa damu. Daktari alisema kiganja cha mgonjwa huwa cheupe. Vizuri! Kiganja hakina haja ya kuulizwa.

Nilisimama mlangoni mwa kinu cha kusagia mahindi, maana kila mama wa Kanyakine hupita pale. Kila aliyetoka nilimsalimia kwa mikono miwili, kwa heshima kabisa, kisha nikageuza kiganja chake kidogo. Cheupe. Wa pili, cheupe. Wa tatu, cheupe kama karatasi! Mmoja alidhani namsomea bahati akaniuliza kama mume wake atarudi kutoka Nairobi. Nilitikisa kichwa. Akaondoka analia.

Nilikimbilia kliniki nikamwambia Daktari kwamba akina mama wa Kanyakine wanakwisha. Akashtuka, akasimama, akachukua mkoba. Halafu akaniuliza nimewapimia wapi. Nikamwambia. Akaketi tena, polepole, akaniomba nimwonyeshe viganja vyangu mwenyewe.

Vyeupe.

Akanielekeza kwenye karai la maji. Unga ulitoka mpaka kwenye kiwiko. Virginia alikuwa akimwuliza mama mmoja anavyokula, akagundua hajagusa mboga tangu mvua zianze. Huyo damu ilikuwa imepungua kweli. Bahati tu.

Jumatano, 10 Januari

Leo nilikabidhiwa kipimo cha presha! Daktari alikuwa ndani na mtoto wa jirani aliyemeza kifungo.

Barazani kuna benchi moja, fupi. Bibi mzee, Cucu Ciakuthii, alikuwa ameketi. Nje, juani, alisimama mwanamume aitwaye Kithaka, amegeukia ukuta kana kwamba kuna picha. Nikamhurumia. Mgonjwa hasimami. Nilimshika mkono wa shati, nikamvuta, nikamketisha kando ya Cucu, goti kwa goti, ili kipimo kiwafikie wote wawili bila mimi kusogea.

Dalili zilianza hapo hapo. Kithaka alitoka jasho mpaka kwenye kidevu. Cucu alijifunika shuka kichwa kizima. Wote wakanyamaza, wakatetemeka. Nikawaletea maji, kikombe kimoja, nikampa Kithaka anywe kisha ampe Cucu. Wakazidi kutetemeka. Nikapima. Presha ya Kithaka, juu. Ya Cucu, juu zaidi. Watu wawili wasiojuana, ugonjwa mmoja! Nikaandika: unaambukiza kwa benchi.

Daktari alichungulia mlangoni. Uso wake ulibadilika. Akaniita pembeni, akasema kwa sauti ya chini, "Kathambi. Yule ni mama mkwe wake."

Nilitamani sakafu ifunguke. Hata mtoto anajua mtu na mama mkwe wake hawaketi benchi moja, sembuse kikombe kimoja. Daktari akasema ningeuliza swali moja tu ningejua. Nikamjibu kwa heshima kwamba na wao hawakuniambia.

Alimpeleka Kithaka nyuma ya jengo na Cucu chumba cha ndani, wakapumzika, akapima upya. Wazima wote wawili. Kithaka alikuwa amekuja kwa jino. Nasikia sasa anatafuta mbuzi wa kumwondolea Cucu aibu, na kwamba amelitaja jina langu njia nzima hadi nyumbani.

Virginia alinipitia akisema, "Dada, kesho usisahau kumwalika na baba mkwe." Watu hucheka vitu vidogo.

Alhamisi, 11 Januari

Leo nilikuwa karibu kushinda. Karibu sana!

Ugonjwa wa sukari. Sukari ikizidi mwilini hutoka na mkojo, na wazee husema sisimizi huifuata. Basi sisimizi ndio wasaidizi wangu. Hawana haya, nami sina haja ya kuongea na mtu.

Nyuma ya kibanda cha miraa cha Gitari kuna ua ambapo wanaume hujisaidia. Niliingia kwenye migomba mapema nikajificha. Mwanamume akija, nafumba macho. Akiondoka, nafumbua, nachunguza. Sisimizi! Misafara ya sisimizi! Ua mzima! Hakuna mteja hata mmoja wa Gitari aliyepona.

Kuwaambia nisingeweza. Nilichukua kipande cha makaa nikaandika kwenye ukuta wa kibanda, herufi kubwa: WATEJA WA HAPA WOTE MNA SUKARI. NENDENI KLINIKI.

Saa sita kliniki ilijaa. Wanaume wameketi hadi barabarani, mashavu yamejaa miraa, mmoja ameanza kuusia shamba. Daktari alipima mkojo wa kila mmoja kwa vijiti vyake mpaka vikabaki vichache. Hakuna mwenye sukari. Kisha Gitari akafika, macho mekundu, akaeleza kwamba wateja wake hutafuna miraa na ubani mtamu, wakishushia na soda, na masalio yote huyamwaga pale uani. Sisimizi wanakunywa soda.

Hilo lingeisha. Lakini mama mmoja wa kwaya aliniona nikitoka kwenye migomba. Kufikia jioni Kanyakine yote inasema msichana wa Naftaly, baba yangu, huvizia wanaume wakijisaidia. Mimi! Nisiyeweza hata kuwasalimia!

Baba amesikia. Amekunywa maji tu, kikombe baada ya kikombe, akinitazama.

Ijumaa, 12 Januari

Baba alikuja kliniki kunitoa. Mbele ya watu wote. Alisema hawezi kuingia kanisani na jina kama hili, na kwamba mawele ya Marcella yananingoja.

Alikuwa amekonda kwa hasira. Koo limekauka kwa hasira. Aliomba maji, akamaliza, akaomba mengine. Nilimtazama kwa makini kama tabibu nikaandika: hasira, ya siku nyingi.

Virginia akamletea kiti. Akamwita baba, akamwuliza habari za shamba, za ng'ombe, za usingizi. Halafu, bila hata kumeza mate, akasema, "Na usiku, baba, huamka kwenda haja mara nyingi?"

Mimi tayari nilikuwa naangalia chini ya meza.

Baba akaweka kikombe chini. Kisha akasema taratibu, kama mtu anayetua mzigo, "Msichana wangu, mbwa ameacha kunibwekea. Amechoka."

Daktari akatoa kijiti kimoja kati ya vile vilivyobaki. Baba akaenda, akarudi. Kijiti kiligeuka rangi mpaka mwisho.

Sukari. Baba yangu. Tunaishi nyumba moja, tunakula sufuria moja, usiku nasikia mlango ukifunguliwa na nilidhani anawavizia wezi wa majani chai.

Daktari alimweleza vizuri. Atapimwa damu hospitali kubwa, atapewa vidonge, asiweke sukari kwenye chai, apunguze viazi, atembee, aangalie miguu yake isipate kidonda. Akasema imegunduliwa mapema, ataishi na wajukuu zake. Baba aliuliza mara mbili kuhusu chai. Nilimshika mikono, yote miwili. Hakuiondoa.

Jumamosi, 13 Januari

Daktari amemchagua Virginia.

Aliniambia kwa upole. Alisema nina moyo mzuri, na macho mazuri, lakini mgonjwa ana mdomo, na siku nitakapoujua huo mdomo nirudi, mlango hautafungwa. Nilimshukuru. Nililia kidogo nyuma ya jengo. Virginia alinifuata akaniuliza nasikia vipi. Anauliza hata watu wazima wa afya.

Lakini usiku huu nimelipima jambo hili upya, kwa utulivu. Baba asingefika kliniki kamwe. Tangu nizaliwe hajawahi kwenda. Alikwenda kwa nini? Kwa aibu. Aibu ilitoka wapi? Kwenye migomba. Aliyeingia kwenye migomba ni nani? Basi ni nani aliyegundua sukari ya baba? Virginia alimalizia tu.

Njia yangu inafanya kazi. Haikupewa muda.

Baba anakunywa chai bila sukari, akifumba macho kila mara anapomeza. Amesema Gachoka ni lazima, hadi Gitari asahau. Ila alisema akinigusa bega.

Jumatatu, 15 Januari

Gachoka. Jua ni lile lile nililoambiwa.

Shangazi Marcella alinipokea barabarani. Njia ya kwake inapanda. Hata kabla ya mlima wa kwanza niliona dalili. Anahema. Anasimama kila baada ya hatua chache, anashika kiuno. Mishipa ya shingo imetoka. Jasho, tena la uso mzima. Mara ananiita, mara anakosa pumzi ya kumalizia neno.

Moyo! Hakuna shaka ni moyo, na umekwenda mbali. Sikumwuliza chochote, nisije nikamtia wasiwasi. Nilibaki nyuma yake kimya hadi nyumbani, mikono mitupu, nikimsikiliza pumzi kwa makini, na sanduku langu la bati, pamoja na vitabu vyangu vyote vya shule, juu ya kichwa chake.