Vita vya Daktari Hani na Mvuke wa Chai

Sogeeni, enyi wa Hulugho na wa Masalani, fungeni ngamia, zimeni redio, msikie jambo ambalo masultani hawakulithubutu: jinsi Daktari Hani, simba jike wa maabara ya Garissa, mchungaji wa chembe zisizoonekana, alivyowanyima wazee chai.

Miezi saba alipigania wimbi moja. Silaha yake ilikuwa kigae cha kioo kilichopakwa chuma na platinamu, utando mwembamba kuliko haya ya mwanasiasa. Mwale wa leza ukikipiga, elektroni za chuma, zizungukazo kama pia, hukimbilia kwenye platinamu, hupinda njia kwa pamoja, na hapo huzaliwa wimbi la terahezi, nduguye mwanga asiyeonekana kwa macho. Siku hiyo Mzee Ogle, mwenyekiti wa kamati ya maabara, jabali la mikutano, alikuja na wenzake watatu kushuhudia. Wasipoliona wimbi, mtambo ungerudishwa Nairobi alasiri ile ile.

Leza ikawaka. Kwenye skrini kilima kidogo, alama ya wimbi, kikachungulia. Ndipo akaingia Eeddo Fartun, shangazi yake Hani, amiri jeshi wa jikoni, akamimina vikombe vinne vya chai ya maziwa ya ngamia karibu kabisa na njia ya wimbi. Mvuke ukapanda, kilima kikatoweka.

"Kimekwenda wapi?" akanguruma Ogle.

Hani alimjua muuaji, maana wimbi hilo humezwa na mvuke wa maji. Lakini kumwondolea mgeni chai, Garissa hii! Heri umvue kilemba. Aliogopa, tena sana.

"Adeer," akasema, akimwita Ogle ami, "wallahi nakuheshimu kama baba. Ukame huu tumeulilia mwaka mzima, lakini hewa kavu ndiyo ngao yangu, na adui yumo kikombeni mwako. Niruhusu nimtoe nje."

"Astaghfirullah!" akalia Fartun. "Hani, umelelewa na nani?"

"Na wewe, eeddo. Ndiyo maana sirudi nyuma."

Ogle akakitazama kikombe kwa huzuni ya kweli. "Haya, toa. Lakini nisipoona kitu, mtambo unapanda lori."

Vikombe vikatoka. Kilima kikafufuka. Hani akageuza sumaku iliyo kando ya kigae, na kilima kikawa bonde, ushahidi kwamba wimbi latoka kigaeni, si uongo wa nyaya. Ogle akataka igeuzwe tena, na tena, mara tisa.

"Mtambo unabaki," akasema, akatoka nje kukifuata kikombe chake.

Andikeni basi, enyi waandishi wa tarehe: mwaka ule wa jua kali, mzee wa Garissa alikunywa chai iliyopoa, yote, hata malai iliyoganda juu. Eeddo Fartun alishuhudia kwa macho yake, na mpaka leo hajamsamehe Hani.