Meza Kuu Iliyoelekea Uganda

"Wewe? Kujaza mkutano wa wazazi? Hapa Malaba? Hata ukichinja ng'ombe, hawaji!"

Hayo ni maneno ya Omuse, wakala mwenzangu wa forodha, ambaye tangu nirudi kutoka Doha hajawahi kukubali kwamba kuna kitu ninachokiweza. Alisema sitadumu ughaibuni, nikadumu. Alisema sitapata diploma, nikaipata, tena kwa jasho langu, nikifagia ghala mchana na kusoma jioni. (Ni diploma ya forodha na usafirishaji wa mizigo. Imo kwenye fremu sebuleni. Karibuni muione.) Sasa akasema sitajaza mkutano.

Jamani, nimeujaza. Na nimeumbuka mpaka sasa hivi masikio yanawaka.

Shule yetu ya umma iko kando ya barabara kuu, kabla hujafika mpakani. Serikali imepunguza zile fedha inazotuma kwa kila mwanafunzi, na kidogo kilichobaki kinakuja kikijikokota. Chaki inakatwa vipande kama muwa. Hilo tungevumilia. Lisilovumilika ni habari ya Madam Amoit. Yeye ndiye mwalimu wa hesabu na sayansi wa Gredi ya Tisa, na aliyemwajiri si serikali, ni bodi ya shule. Bodi haina kitu. Mwalimu mkuu, Bwana Barasa, alinieleza kwa sauti ya mtu aliye matangani: shule moja ya binafsi ya Busia imemwita Madam, na Jumatatu anaenda, isipokuwa wazazi wakutane leo na kukubaliana jinsi ya kumtunza. Wasipofika zaidi ya nusu, kikao si halali.

Binti yangu yuko Gredi ya Tisa. Mtihani uko mlangoni. Mimi ndiye mwenyekiti wa wazazi. Nikasema: haendi mtu.

Shida ni kwamba wazazi wa Malaba hawaji shuleni. Si ubaya. Wanauzia madereva ndizi na mayai, wanaendesha boda, wanabadilisha pesa. Ukiacha nafasi yako barabarani, mteja anaenda kwa jirani. Mikutano iliyopita tulihudhuria mimi, Bwana Barasa na mbuzi wa jirani.

Basi kichwa hiki kikafanya kazi. (Hakikupewa diploma bure.) Kama wazazi hawaji kwenye mkutano, mkutano uende kwa wazazi! Malori yalikuwa yamepanga foleni mbele ya lango la shule tangu jana. Moja lilikuwa na trela tupu, bapa, lisilo na kuta, likienda Tororo, Uganda, kufuata saruji. Jukwaa hilo, bila malipo!

Dereva wake, mzee mmoja wa Mombasa aitwaye Hamisi, alikuwa anakunywa chai kwenye ngazi ya lori.

"Panda tu, boss," akaniambia. "Lakini foleni ikisonga, mimi nasonga. Nikiacha pengo hawa wa nyuma wataniingilia, nilale hapa tena. Hapo sina undugu."

"Mzee wangu," nikamjibu nikicheka, "foleni hizi mimi nimezisomea. Hii haisongi kabla ya jua kutua."

"Umezisomea wapi?"

"Doha."

"Kuna foleni ya Malaba huko Doha?"

Nikamtakia chai njema, nikaondoka.

Nikaanza kuazima vitu. Mama Nekesa, anayekaanga samaki wa Port Victoria karibu na lango la shule, alinipa makochi yake pamoja na vile vitambaa vyeupe vya kufuma. "Kochi langu likipata doa, mwenyekiti," akasema, "nitakukalia wewe badala yake." Wakatoliki wakatoa viti vya plastiki. Waanglikana wakatoa spika na maikrofoni. Hata Omuse akanipa mwavuli mkubwa, ili, kwa maneno yake, nisiaibike nikiwa juani.

Mchana tukapakia vyote kwenye trela, nasi tukapanda. Bwana Barasa na Madam Amoit wakaketi kwenye kochi, hiyo ndiyo meza kuu yetu, mimi nikasimama mbele yao na suti niliyorudi nayo. (Sufu na jua la Malaba havielewani, lakini heshima ni heshima.) Watu wakatutazama, kila mmoja akiwa kando ya beseni lake. Hakuna aliyesogea. Bwana Barasa akawahesabu kwa macho, akatikisa kichwa.

"Hawatoshi, mwenyekiti. Hawa wanatazama tu, hawajahudhuria."

Nikashika maikrofoni.

"Wazazi wenzangu! Serikali imetupunguzia! Tutalia? Hapana! Madam Amoit ataondoka? Hapana! Mimi, niliyefagia Doha nikarudi na diploma, nawaambia hivi: sisi hapa hatusongi hata inchi moja!"

Lori likasonga.

Na si kusonga kidogo! Foleni ilikuwa imefunguka kama mlango uliopigwa teke. Malori ya nyuma yakapiga honi, na mzee Hamisi, mtu wa neno lake, akatia gia. Nikarudi kinyumenyume na suti yangu, nikamkalia Bwana Barasa mapajani. Na ukelele niliopiga, ndugu zangu, ulikuwa "Mama weee!" Maikrofoni ilikuwa wazi. Spika za Waanglikana ni nzuri sana.

"Mzee Hamisi, simama!" nikapaza sauti, na barabara nzima ikasikia.

Mkono ukatoka dirishani, ukanipungia.

"Mwenyekiti," Bwana Barasa akasema kutoka chini yangu, "naomba mguu wangu."

Madam Amoit alikuwa ameukumbatia mwavuli kwa mikono miwili, anacheka hadi machozi. "Angalia nyuma!" akaniambia. "Angalia nyuma, mwenyekiti!"

Nikaangalia. Malaba nzima ilikuwa inatufuata! Mbele kabisa ni Mama Nekesa, sketi ameikunja, anapiga kelele: "Kochi langu! Kochi langu linaenda Uganda!" Nyuma yake wauza mayai wakiwa na mabeseni vichwani, boda zikiwa na abiria wawili wawili, wabadilisha pesa wameshika mikoba vifuani. Wazazi ambao hawajakanyaga shuleni tangu wawaandikishe watoto wao, leo wanakimbia kuhudhuria!

Hapo nikapata akili. Mkutano wenyewe ndio huu. Nikinyamaza sasa nitakuwa mjinga mara mbili. Nikasimama, mkono mmoja kwenye kiti cha Wakatoliki, mwingine kwenye maikrofoni.

"Wazazi, msichoke! Ajenda ya kwanza: Madam Amoit!"

Madereva waliokuwa upande wa pili wa barabara wakashangilia. Mmoja akatoa kichwa dirishani: "Boss, unagombea udiwani?"

"Hapana! Nazungumzia shule!"

"Sasa mbona unahama na makochi?"

Tukafika lango la mpakani. Afisa akasoma karatasi za mzee Hamisi, akatutazama sisi juu ya trela, akasoma tena.

"Hapa imeandikwa lori tupu."

"Nilimwonya," akasema mzee Hamisi, akafungua chupa yake ya chai.

"Haya makochi yanaenda wapi? Hawa watu je? Wakala wa mzigo huu ni nani?"

Mnielewe hapa: hiyo ndiyo kazi yangu. Kila siku napeleka karatasi dirishani pale pale, kwa afisa huyo huyo. Nimeshamsimulia habari za diploma yangu, tena si mara moja. Nikainama nyuma ya mwavuli.

Madam Amoit akauinua mwavuli taratibu. "Ni huyu hapa, mkubwa."

Afisa akanipima kuanzia viatu hadi tai. "Aa, mtu wa diploma! Leo wewe ni wakala au ni mzigo?"

"Mkubwa," nikajibu, na maikrofoni ilikuwa bado wazi, "ni vyote viwili."

Kicheko hicho! Mawakala wenzangu wote wakatoka ofisini. Omuse alifika na boda akashindwa kushuka, akamwegemea mwendeshaji begani. "Amesoma Doha yote hiyo!" akalia. "Amekuja kupitisha mzigo bila karatasi, na mzigo ni yeye!"

Ningeweza kuzimia. Nilitaka kuzimia. Lakini wazazi walikuwa wamefika, wanahema, wameziba lango lote, na Bwana Barasa akanyoosha shingo na kuwahesabu. Uso wake ukabadilika.

"Mwenyekiti! Wamepita nusu!"

Nikafunga kifungo cha koti. "Mkubwa," nikamwambia afisa, "tupe kura moja tu, halafu tunashusha kila kitu."

"Husikii honi hizo? Mnaniziba lango!"

"Ndiyo maana tutapiga haraka."

Akainua mikono juu. (Nadhani naye alitaka kuona mwisho.)

Nikauliza: Madam aende au abaki? "Abaki!" Abaki vipi? Mama Nekesa alikuwa ameshapanda na kuketi kochini kwake. Akakagua kitambaa kimoja kimoja, ndipo akasema: "Nina chumba nyuma ya jiko langu. Alale hapo bure mpaka watoto wafanye mtihani. Na samaki simnyimi." Wazazi wakulima wa Chakol wakasema mahindi na maharagwe ni juu yao. Vijana wa boda watambeba kwa zamu. Mimi nikatangaza kwamba chaki yote ya muhula ni yangu, maana mtu aliyeanguka vile lazima ainuke na kitu mkononi. Halafu, naapa, Omuse akanyoosha kidole.

"Mitihani ya majaribio ya watoto nitaichapisha ofisini kwangu," akasema. "Lakini si kwa ajili ya huyu!"

Mikono ikapanda juu, yote, hata ya mzee Hamisi ambaye hana mtoto hapa.

Nikamgeukia Madam Amoit. Hakuwa anacheka tena. Alikuwa anafuta macho kwa kitambaa cha Mama Nekesa, na Mama Nekesa alimwacha.

"Sijawahi kukimbiliwa na watu wengi hivi," akasema. "Wa Busia nitawapigia simu. Jumatatu niko darasani."

"Walikuwa wanakimbilia kochi, mwalimu," Omuse akamwambia.

"Najua. Lakini wamefika."

Jioni hii ndiyo kwanza nimemaliza kurudisha vyote nilivyoazima. Viti vimerudi kwa Wakatoliki. Kimoja kilivunjika mguu, nimekinunulia mwenzake. Spika zimerudi kwa Waanglikana, na kasisi amenikaribisha kwaya kwa sababu ya ile "Mama weee." Makochi yamerudi kwa Mama Nekesa kwa mkokoteni, na vitambaa nimevifua kwa mikono yangu, yeye akiwa amesimama juu yangu na mwiko. Omuse amepewa mwavuli wake. Sina kitu cha mtu.

Kimoja tu hakijarudi: heshima yangu. Ilivuka lango bila karatasi, na afisa anasema mwenye kuidai atafute wakala.