Mtaa Uliofungwa kwa Viti

Jumatatu, 5 Mei

Vita vimeanza upya. Lou Scarpino, jirani yangu wa upande wa pili, ameweka tena kile kiti chake cha plastiki cha kijani mahali ninapoegesha gari. Na Pittsburgh hii, kiti kikishakaa barabarani, basi, nafasi ni ya mwenye kiti. Hakiguswi. Bora umwibie mtu gari kuliko kusogeza kiti chake. Nimeegesha juu kilimani, nikashuka kwa miguu, magoti yakilalamika njia nzima.

Lakini nina jambo kubwa zaidi. Mjukuu wangu Tilda, miaka minane, anataka kwenda shule kwa baiskeli Jumatatu ijayo pamoja na darasa zima. Kupanda anajua. Uani anazunguka vizuri, hata mkono mmoja anaachia. Shida ni watu. Akimwona mtu mbele yake anashuka, anaikokota baiskeli hadi mtu huyo apotee. Mama yake, binti yangu Renata, ni muuguzi na hana mchezo. Atamruhusu akimwona kwa macho yake akipita katikati ya watu bila kushuka. Kazi ya kumfundisha nimepewa mimi. Renata akaongeza kwamba, Baba, tafadhali, usibuni kitu.

Mimi! Nimewahi kubuni nini?

Jumanne, 6 Mei

Njia ya kando ya mto. Hakuna magari, pametulia, pana bango linalosema watu wote karibuni. Tatizo ni kwamba watu wote waliitikia. Wakimbiaji. Mbwa. Vigari vya watoto wachanga. Tilda alishuka kwa kila mmoja. Alishuka kwa njiwa. Tumetembea na baiskeli njia nzima kama watu wanaosindikiza mgonjwa.

Tunarudi, nani huyo mbele? Lou, na mkongojo wake. Mtoto akabadilika rangi, akajificha nyuma yangu. Nilimnunulia aiskrimu, ndipo akasema. Mwaka jana mwezi wa kumi alimgonga Lou kwenye njia ileile. Sasa Lou ana mkongojo. "Nilimvunja, Babu," akasema. "Nikimgonga mwingine je?" Aiskrimu ikamyeyukia mkononi hata hakuilamba.

Roho iliniuma, sitaficha. Mtoto mdogo, amebeba mzigo huo majira yote ya baridi peke yake.

Sasa, kuna maelezo fulani. Lou alipata mkongojo Januari. Anadai aliteleza kwenye barafu mbele ya ngazi zangu, kwa kuwa sikumwaga chumvi ya kuiyeyusha. Anadai! Mashahidi hakuna. Nikimwambia Tilda hivyo, atamwambia mama yake, mama yake atamwambia Lou, na Lou atakuwa ameshinda. Kwa hiyo nilimwambia kwamba miguu ya wazee huharibika yenyewe, kama friji. Hakuniamini.

Haidhuru. Dawa ni kupata mahali pasipo na watu kabisa.

Alhamisi, 8 Mei

Makaburini! Sijui kwa nini sikufikiria mapema. Njia za lami, miti, hakuna gari, na wakazi wote wametulia. Tilda alipiga mizunguko mizuri mno. Nilikaa kwenye benchi nikijipongeza.

Kisha mazishi yakaingia. Magari meusi, msururu. Tilda akashuka, akavua kofia yake ngumu, akasimama wima kando ya njia, kofia kifuani. Waombolezaji wakadhani ni wa familia. Mama mmoja akampa ua jeupe. Mwingine, mjane mwenyewe nadhani, akanikumbatia na kuniuliza kama nilimfahamu Harold tangu kiwandani. Nilisema Harold alikuwa mtu wa watu. Ningesema nini? Tulialikwa chakula, na sandwichi za nyama zilikuwa nzuri sana.

Njiani Tilda aliniuliza kama Bwana Scarpino naye atakufa. Nikasema Lou hafi, Lou atanizika mimi ili apate nafasi yangu ya kuegesha. Alicheka kidogo. Halafu akalitazama tena lile ua jeupe.

Ijumaa, 9 Mei

Uwanja wa magari wa supamaketi, alfajiri, kabla hawajafungua. Mtupu! Safi! Ila baba mmoja naye alikuwa na wazo hilohilo, akimfundisha binti yake kuendesha gari. Binti anajua kurudi nyuma tu. Tuliondoka mbio.

Tilda akasema, kwa upole, kwamba si lazima aende na wenzake, anaweza kutembea tu na kuwapungia mkono wakipita. Alisema hivyo huku akifunga kamba za viatu, asinitazame.

Nilipitisha saa nzima dirishani nikitazama mtaa wetu. Tambarare, na si mitaa mingi mji huu yenye bahati hiyo. Na pale chini, kiti cha Lou, cha kijani, kimekaa kama mfalme. Kiti kimoja kinalinda nafasi ya gari moja. Je, viti vingi?

Mungu wangu, nina akili!

Jumamosi, 10 Mei



Asubuhi nilipanga viti vyangu vya jikoni kukata barabara, mstari mmoja kila mwisho wa mtaa. Havikutosha. Nikachukua na cha Lou. (Kuazima si kusogeza.) Lori la mizigo likaja, likaona viti, likageuka. Gari la polisi likaja. Polisi akavitazama, akanitazama, akageuka naye. Mtaa mzima, mtupu, wa mjukuu wangu!

Ulibaki mtupu kwa muda wa kunywa kahawa. Jirani yetu Bi Dottie Hrabak akatoka akauliza sherehe ya nani. Kabla sijajibu alishakwenda kuleta pierogi, zile sambusa zake za kuchemsha zenye viazi ndani. Mwingine akaleta meza. Watoto wakatoka na skuta. Mbwa wakatoka. Viti vyangu vikakaliwa! Nilikimbia huku na huku nikiwasihi warudi ndani, wakadhani natania, wakanipa sahani.

Tilda alikuwa kwenye ngazi, ameshika usukani, machozi yanamtiririka kimyakimya. Nilikaa karibu naye. Sikuwa na mpango mwingine. Niseme wazi: nilitaka kulia na mimi.

Ndipo Lou akaja kudai kiti chake. Akakivuta, lakini hakurudi nacho kwake. Alikiweka katikati ya barabara, akakaa, mkongojo mapajani.

"Wewe mtoto wa Renata! Mbona unanikimbia kila siku? Nanuka?"

Tilda akasema, kwa sauti ndogo ajabu, kwamba samahani kwa mguu.

"Mguu upi? Huu?" Lou akaupiga kwa mkongojo. "Wewe ulinipaka tope suruali, basi. Mguu huu niliumia Januari, kwenye barafu, mbele ya ngazi za mzee mmoja bahili asiyemwaga chumvi. Muulize babu yako anamjua."

Mtaa mzima ukanitazama. Nilitazama mawingu. Yalikuwa mazuri.

Tilda alinitazama muda mrefu kuliko wote. Kisha akapanda.

"Piga kengele, niambie unapita upande gani, halafu pita," Lou akamwambia. "Mimi sihami. Watu hawahami, binti, ni wewe unayewazunguka."

Kengele. "Kushoto kwako, Bwana Scarpino!" Akapita. Akarudi, akapita tena. Akampita Bi Dottie na sinia lake. Akawapita mbwa, skuta, meza. Alikuwa anacheka kwa sauti, na sikuwa nimesikia kicheko kile tangu vuli.

Renata alifika kutoka zamu, bado na nguo za hospitali. Alisimama nyuma ya mstari wa viti, mkono mdomoni. Halafu akakaa kwenye kiti changu cha jikoni, akalia, akala pierogi zangu zote.

Jumatatu, 12 Mei

Wameondoka. Darasa zima, kengele tupu, na Tilda katikati yao, akimpungia kila mpita njia. Nimejifuta macho kwa taulo la vyombo.

Najivunia. Nilisema tangu mwanzo kwamba mtoto anahitaji watu wengi kumzunguka, na nikawaleta.

Jambo moja la ajabu. Kabla ya kuondoka Tilda alishusha mfuko kutoka kwenye kikapu cha baiskeli, akauweka miguuni pangu. Chumvi ya barafu. Aliuomba kwa Bi Dottie. Nikamuuliza, chumvi mwezi wa tano ya nini? Akasema ni ya ngazi, Babu, baridi ikija. Akanibusu, akaenda.

Mtoto mzuri, ila kalenda bado haijamwingia. Mfuko ni mzito kweli, nimefikiri sana pa kuuweka. Mwishowe nimeuweka juu ya kiti cha jikoni, na kiti nimekiweka barabarani, pale pangu. Upepo hauwezi kukiangusha. Lou amepita mara mbili na gari lake, akakitazama, akaenda kuegesha kilimani.

Tilda akirudi ataona zawadi yake imeanza kazi siku hiihii. Atafurahi sana.