Sombe Niliyotwanga kwa Mapendo

Jumapili, tarehe 8, mwezi wa pili

Baada ya misa, Zacharie ametangaza mbele ya watu wote kwamba Ijumaa atampakia mke wake Chimène kwenye pikipiki, waende Kasongo kula Saint-Valentin. Kuku mzima. Meza yenye kitambaa. Zacharie ni jirani yangu, anabeba abiria kwa pikipiki, na hawezi kuandika jina la huyo mtakatifu. Mimi ninafundisha darasa la tano hapa Kabambare. Ninaweza.

Emilienne, mke wangu, alitangulia kutoka kanisani. Tulipofika nyumbani aliosha sahani kwa nguvu sana. Mwaka jana nilimwambia kwamba Saint-Valentin imeahirishwa kwa sababu ya mvua. Aliniamini mpaka alipoona picha za Chimène kwenye simu.

Nilimwuliza mwaka huu anataka nini. Akajibu bila kugeuka: "Baba Sonia, sitaki maua. Nataka watu wajue kama unanipenda." Basi, hilo tu. Miaka saba ya ndoa, na ombi lenyewe halihitaji hata mshahara.

Nina mpango! Jumamosi, siku yenyewe, nitampikia sombe. Nitachuma majani ya muhogo, nitatwanga, nitapika, mimi mwenyewe na mikono yangu. Hakuna mwanaume wa mtaa huu aliyewahi. Zacharie ataona aibu na kuku wake. Lakini iwe siri kabisa mpaka siku ifike.

Jumatatu, tarehe 9

Emilienne yuko sokoni na beseni lake la ndakala, vile visamaki vikavu, mpaka jioni. Nimefanya mazoezi nyuma ya nyumba. Nilijifunga kitenge chake kiunoni ili suruali ya shule isichafuke. Mchi ni mzito kuliko unavyoonekana mikononi mwa mwanamke. Jani moja limeniingia jichoni. Kidole gumba kimevimba.

Kisha akatokea Shangazi Apolline. Ni dada mkubwa wa marehemu baba, anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, na katika ukoo wetu akishasema yeye hakuna wa kuongeza. Alikuja kuomba chumvi. Aliangalia kinu, akaangalia kitenge, akaniangalia mimi. Aliuliza kama Emilienne ni mgonjwa. Nikasema hapana. Amejifungua? Hapana. Amekufa? Hapana, yuko sokoni. Sasa kwa nini? Nikaona si vizuri kumdanganya mtu mzima. Nikajibu: kwa mapendo.

Aliweka mikono kichwani, akaenda zake bila chumvi. Nafikiri aliguswa moyo.

Jumanne, tarehe 10

Hakuguswa moyo.

Mtaa wote unasema Emilienne amenilisha dawa ya mapenzi. Mwanaume mzima, tena mwalimu, anatwanga sombe mchana kweupe na kitenge kiunoni. Wanauliza ni nini kingine kama si dawa. Darasani niliuliza ni kitu gani kinachogeuza maji kuwa mvuke. Mkono mmoja tu ulinyooshwa. "Dawa, Mwalimu." Nimewapa zoezi la kuandika mistari hamsini, wote.

Sokoni hakuna aliyenunua ndakala za Emilienne. Watu walizunguka beseni lake kwa mbali, wakaenda kununua kwa wengine. Alirudi saa sita, beseni limejaa kama alivyoondoka nalo. Aliniuliza kama kuna kitu nimefanya. Ningeweza kumwambia. Maneno matatu yangetosha. Lakini suprizi ikishasemwa si suprizi tena, na zilibaki siku nne tu. Nikasema sijui watu wanatoa wapi maneno haya.

Nilisikia aibu. Nimevumilia kwa ajili yake.

Jumatano, tarehe 11

Kikao cha ukoo, nyumbani kwa Shangazi. Walinikalisha katikati. Tangu lini ninasikia hamu ya kutwanga? Na sahani, ninaosha? Nikakiri: mara moja, wakati wa Noeli. Baba mdogo Ilunga akatikisa kichwa na kusema basi imeanza zamani.

Nilipaswa kumwokoa mke wangu bila kutoa siri. Akili ikanijia! Nikasimama, nikatangaza kwamba Emilienne hakunilisha kitu. Nilitwanga kwa sababu sombe yake ni mbaya na nimechoka kuila. Hoja safi kabisa. Mwanaume aliyelishwa dawa hawezi kulaumu chakula cha mke wake. Nikageuka ili nione jinsi hoja ilivyoingia vichwani mwa watu, nikamwona Emilienne amesimama mlangoni. Walikuwa wamemwita naye aje ajibu.

"Miaka saba," alisema. "Miaka saba unalambaka sahani."

Akaondoka. Nilitaka kumfuata, lakini Shangazi alinishika mkono. Alisema nikinywa dawa ya kutapisha mambo yataisha. Nikanywa ili yaishe. Kikombe kizima, cha bati, chungu ajabu. Nilitapika mbele ya ukoo wote. Shangazi akachungulia, akainua kitu kidogo kwa kijiti, akasema hiki hapa ndicho alicholishwa. Ilikuwa karanga. Nilisema ni karanga, niliila asubuhi njiani. Akasema hivyo ndivyo wote waliolishwa wanavyosema.

Alhamisi, tarehe 12

Emilienne amekwenda kwa baba yake, kijijini Lusangi. Amemchukua binti yetu Sonia, beseni, na kile kitenge. Aliyempakia ni Zacharie. Katika pikipiki zote za Kabambare!

Kabla ya kupanda aliniambia kwamba hapa mtaani amekuwa mulozi, yaani mchawi, na nyumbani amekuwa mpishi mbaya, kwa hiyo anakwenda mahali ambapo yeye ni Emilienne tu. Nilimshikia beseni wakati anapanda. Sonia alinipungia mkono.

Nyumba imekuwa kubwa. Hakuna wa kunigombeza. Nimekula muhogo nikiwa nimesimama, kwa sababu kukaa mezani peke yangu kumenishinda. Ninampenda. Ninaandika hapa kwa sababu daftari hili hakuna anayelisoma.

Asiporudi, kosa ni langu. Nusu langu. Nusu ni la Shangazi.

Mpango mpya: Jumamosi nitaipeleka sombe mpaka Lusangi, niiweke mbele ya baba mkwe. Akiona nimepika, atajua ni mapendo.

Ijumaa, tarehe 13

Sombe ya kwanza imeungua chini na juu ni mbichi. Sombe ya pili ni chungu. Nilimpa mbuzi wa jirani. Alionja, akaenda kutafuta maji.

Sikuwa na njia nyingine. Nikaenda kwa Chimène. Nilidhani nitakuta wameshaondoka, lakini alikuwa ameketi kizingitini, nywele zimesukwa kwa ajili ya Kasongo, hana pa kuzipeleka. Pikipiki ya Zacharie ilikata mnyororo kwenye matope akirudi kutoka Lusangi. Amefika leo mchana akiisukuma, matope mpaka kifuani. Hakuna Kasongo, hakuna kuku, hakuna kitambaa. Nilifurahi. Nilimhurumia pia, lakini nilifurahi kwanza.

Chimène amekubali kunipikia sufuria moja. Ana sharti: nimwambie Emilienne kwamba aliyepika ni yeye Chimène. Nimemwahidi. Sitafanya hivyo.

Jumamosi, tarehe 14. Saint-Valentin!

Niliondoka alfajiri kwenye baiskeli ya mchuuzi wa mafuta ya mawese, mimi na sufuria katikati ya madumu yake. Kila kilima tulishuka tukasukuma. Nilifika Lusangi saa saba, shati limekuwa jekundu kwa mafuta, sufuria salama.

Baba mkwe, mzee Grégoire, analima mpunga na hapendi maneno mengi. Alikuwa ameketi uani na ndugu zake. Emilienne alitoka ndani, akakaa mkekani, mikono imekunjwa. Nikaweka sufuria katikati yao na kutoa hotuba. Kwamba hii ni Saint-Valentin. Kwamba sombe hii nimeitwanga na kuipika mimi mwenyewe. Kwamba hakuna aliyenilisha chochote. Ilikuwa hotuba nzuri, nilikuwa nimeiandaa njiani kote.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Akaagiza kinu kiletwe, na fungu la majani. "Mukwe, binti yangu wanamwita mulozi juu ya sombe yako. Kama ulitwanga kwa mapenzi yako, twanga hapa tuone. Hapa Lusangi hakuna mutu alikulisha kitu."

Nikatwanga. Watu wakajaa uani. Wanawake walinifundisha wote kwa wakati mmoja: shika juu, shika chini, usikipige kinu kama unaua nyoka. Majani yaliyoruka nje yalikuwa mengi kuliko yaliyobaki ndani. Sonia alikuwa anahesabu kwa sauti, akikosea baada ya ishirini, na sikuwa na pumzi ya kumsahihisha.

Emilienne akainuka. Hakuja kwangu. Alifungua sufuria, akaonja kwa kidole. "Hii ni ya Chimène," alisema. "Anawekaka vitunguu mingi."

Nilitafuta uongo. Kwa kawaida unakuja wenyewe. Leo haukuja. Nikasema ndiyo, ni ya Chimène. Kisha nikasema yote: siri, kitenge, Shangazi, hoja yangu ya kikao, mbuzi. Nikasema sombe yake ndiyo nzuri kuliko zote na kwamba ninaona vibaya nyumbani bila yeye. Nilisema mbele ya watu wote, na mchi mkononi. Sijawahi kusema kweli nyingi hivyo kwa mara moja. Nilisikia kizunguzungu.

Emilienne alianza kucheka, kidogo kidogo, kisha mpaka akafuta machozi. Aliniambia kwamba mtu anayetwanga bila kupitisha majani kwenye maji ya moto atakula uchungu mpaka afe. Akayapitisha. Akachukua mchi wa pili, akasimama mbele yangu, tukatwanga kwa zamu kwenye kinu kimoja, wake ukipanda wangu ukishuka. Michi haikugongana hata mara moja. Zacharie hana picha ya namna hiyo.

Atarudi kesho. Sharti ni moja: nisimame mlangoni kwa Shangazi Apolline, nirudie yale niliyosema hapa, bila kuongeza kitu. Na kuanzia leo, nisiseme mambo yake nyuma ya mgongo wake. Nimeapa.

Jumapili, tarehe 15

Nimefanya! Tulifika jioni, tukaenda moja kwa moja kwa Shangazi, na matope ya njia bado miguuni. Watu walitufuata. Baba mdogo Ilunga alikuwepo. Zacharie pia, amesafishika. Emilienne alikuwa amenishika shati kwa nyuma, sikuweza kukimbia.

Nikasema: nilitwanga kwa sababu ninampenda mke wangu. Hakunilisha kitu. Sombe yake ni nzuri. Nikanyamaza hapo. Sikuongeza.

Shangazi alinitazama kwa huruma nyingi. Akamgeukia baba mdogo. "Juma iliyopita alikuwa anatwanga nyuma ya nyumba. Sasa anasema mapendo mbele ya watu. Ile dawa iko nguvu sana." Wanawake wote wakaguna kukubali.

Nilidhani Emilienne atalia. Alicheka mpaka akakaa chini. Alisema yeye alichoomba amekipata, watu wamejua. Wakitaka kukiita dawa, ni shauri yao. Tulikula sombe yake. Nililamba sahani.

Jumatatu, tarehe 16

Asubuhi, kabla sijavaa viatu, wanawake walikuwa wamejaa mlangoni na vikapu. Wanataka ndakala za Emilienne. Za Emilienne tu, si za mwingine. Beseni likaisha hapo hapo uani, hakuhitaji hata kwenda sokoni. Shangazi Apolline mwenyewe alichukua vikombe viwili, akasema ni za rafiki yake.

Emilienne anafikiri wanajuta. Alisema watu wa Kabambare wana roho nzuri, wamemsamehe kosa ambalo hakulifanya. Alikuwa anaimba. Sijamsikia akiimba tangu mwaka jana.

Njiani kwenda shuleni mama mmoja alinisimamisha. Aliuliza kwa sauti ya chini kama kinachofanya kazi ni ndakala zenyewe au ni chumvi yake, na mume huchukua siku ngapi mpaka aanze kutwanga. Nilikumbuka kiapo changu. Nilikumbuka pia ule wimbo.

Nikatazama kushoto, nikatazama kulia. Nikamwambia kwangu mimi ilichukua wiki moja, na asimwage mchuzi.

Mpaka jioni wameniuliza wengine sita. Emilienne hajui lolote. Ninamwekea suprizi.