Mke Wangu Ndiye Asiyepata Choo

Jumatatu, 4 Machi
Choo hakuna. Tangu wiki iliyopita hakuna. Tumbo limekaza kama ngoma. Nimekula kenke, lile bonge la unga wa mahindi uliochachuka, na samaki wa kukaanga asubuhi, mchana na jioni, nikidhani cha juu kitasukuma cha chini. Hakikusukuma.

Jirani yangu Otuo, muuza magodoro, amepita mbele ya kibanda changu cha kutengeneza saa. Anatembea kama mtu aliyetua mzigo. Akatangaza mbele ya wateja kwamba yeye kila alfajiri ni kuingia na kutoka. "Fundi, saa zako zikikosea, zirekebishe kwa tumbo langu." Wakacheka. Nikacheka pia. Kucheka kumeniuma.

Kliniki siendi. Nesi Baaba ana sauti ya kunadi samaki. Atakaloniambia chumbani litasikika stendi.

Jumanne, 5 Machi
Nimepata akili. Nimekwenda kliniki na kusema mgonjwa ni mke wangu, Araba.

Nesi akauliza: analala vizuri? Joto linampanda usiku? Hedhi inaruka? Nikajibu ndiyo kwa yote, ili tumalize. Akaanza somo. Homoni za mwanamke zikishamaliza kazi, sehemu yake hutoka na choo. Choo kikikwama, nyingine hurudi mwilini. Kwa hiyo mboga za majani, bamia, papai, maji mengi, na kutembea.

Nikauliza kama hakuna kidonge tu. Akasema kipo, lakini mgonjwa aje mwenyewe. Au atampitia nyumbani. Nikamwambia hakuna haja. Akajibu kwamba ndiyo shida yenyewe hiyo.

Alhamisi, 7 Machi
Mambo yameharibika. Wanawake wa kwaya wamekuja na mapapai, bamia na furushi la majani ya magimbi. Mbele yao Mama Seguwa, kiongozi wao. Akamshika Araba mkono akamwambia, "Dada, usione haya. Sisi wote tumepita huko."

Araba akaanza kulia. Kumbe kweli joto humpanda usiku. Kumbe hedhi inaruka. Hakuwahi kumwambia mtu. Mimi nalala naye kitanda kimoja na nilidhani anafunua shuka kwa ubishi.

Wamekaa mpaka jioni. Nimetolewa nje. Niliporudi nikanyoosha mkono kwenye papai, Araba akaupiga. "Dawa yangu hiyo, Baba Fiifi. Samaki wako yule pale."

Jumamosi, 9 Machi
Araba anatembea na wenzake kila asubuhi mpaka ufukweni. Anarudi anaimba. Analala vizuri zaidi. Nesi amemwonya kwamba kwa umri wake homoni zitapanda na kushuka bado, asitarajie miujiza, ila tumbo likiwa jepesi na mengine huwa mepesi.

Mimi sijatembea. Nina kazi ya kukaa. Nimenunua chupa ya dawa ya kusafisha damu kwa mtu mwenye kipaza sauti. Umetoka upepo tu. Mchungaji alikuwa amekuja kuchukua saa yake. Ameiacha.

Jumapili, 10 Machi
Baada ya ibada, mlangoni pa kanisa, Otuo kamwuliza mke wangu kwa huruma, "Mama Fiifi, umeshapata choo?"

Araba akanivuta mkono tukaondoka. Tulipofika nyumbani akavua kilemba, akakikunja vizuri.

"Baba Fiifi, ni nani hapati choo nyumba hii?"

Nikasema watu wana maneno. Akasema, "Nenda basi. Mlango ule. Nakusubiri hapa."

Nikaenda. Nikakaa. Nikatoka. Akanitazama usoni, akajua.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema, "Nilifurahi. Nilidhani umeona kwamba naumwa. Nilidhani ni wewe uliyewaita."

Nikasema kwa namna fulani ni mimi. Amekwenda kulala chumba cha Fiifi, mwanetu anayesoma Accra. Kabla hajafunga mlango nikamsikia akimpigia simu mama yake.

Jumatatu, 11 Machi
Mama mkwe amefika kutoka Saltpond. Mkononi bentoa: ule mpira mwekundu wenye mdomo mrefu, wa kupulizia dawa kwa nyuma. Alikuwa ameshasaga tangawizi na pilipili. Araba akamwambia nesi amekataza pilipili. Mama mkwe akajibu kwamba nesi alikuwa hajazaliwa wakati yeye anaianza kazi hii. Kisha akaniambia, kwa heshima zote, "Mkwe wangu, inama."

Nimekimbia. Nimepita sokoni, nimepita kanisani, nimeteremka mpaka stendi, na mama mkwe nyuma ananiita kwa jina langu lote. Karibu na stendi tumbo likaanza kuzungumza. Nikaingia choo cha umma. Mlango umefungwa. Ndani mtu anaguna na kumwomba Mungu. Mlinzi wa choo akasema huyo hukaa humo kila alfajiri mpaka jua litoke, na leo amerudi tena.

Nikagonga kwa ngumi zote mbili. Akatoka Otuo. Macho mekundu. Mikono mitupu, tuseme.

Akanipisha. Nikaingia.

Sitaandika yaliyofuata. Nitaandika tu kwamba nimelia.

Jumatano, 13 Machi
Araba amerudi chumbani. Sharti lake: nitembee naye asubuhi, na Ijumaa niwaambie wanawake wa kwaya ukweli. Nimekubali. Leo asubuhi goti lilikuwa linauma, sikutembea. Ijumaa huenda likauma tena.

Nimelitafakari jambo lote. Mke wangu amepata nafuu. Mimi nimepata choo. Wazo langu la kliniki lilikuwa zuri, wakalivuruga wengine. Jioni nimekula kenke na samaki.

Ila kukaa kunaniuma. Kuna uvimbe mahali ambapo fundi saa anapahitaji sana. Nimekwenda kwa Nesi Baaba. Akauliza, kwa sauti ile, safari hii mgonjwa ni nani.

Nimemwambia ni mama mkwe.