Chembe Zangu Zameza, Haziui

Jumatatu, 3 Machi
Daktari katangaza: Alhamisi atachagua msimamizi wa chumba cha hadubini. Mimi au Miwani, mwenzangu wa meza ya pili. Mtihani: kila mmoja achanganye damu yake na hamira, aoneshe chembe nyeupe zikiua. Chembe ikishameza, hujipelekea ujumbe humo humo ndani. Ujumbe ukifika, sumu humiminwa kwenye kifuko alimofungiwa aliyemezwa, na rangi ya njano tunayoitia kwenye damu hugeuka buluu. Usipofika, aliyemezwa hukaa kama mgeni asiyepewa jembe. Cheo changu hicho! Nimeshamwagiza seremala kibao cha mlangoni.

Jumanne, 4 Machi
Mazoezi. Zangu: buluu hafifu, kama sare iliyofuliwa mno. Za Miwani: buluu ya wino! Kasema pole kaka, jeshi lako limelala. Nikacheka. Kwa meno tu.

Alhamisi, 6 Machi, saa nne asubuhi
Tumetolewa damu. Miwani kaenda kunywa chai. Nimebadilisha vibandiko: jina langu kwenye kichupa chake, lake kwenye changu. Akili ni mali!

Saa sita mchana
Wasiwasi. Je, buluu hafifu ikimtosha Daktari? Kabatini ipo dawa ya kuziba ule ujumbe. Huwa tunaitumia kulinganisha. Nimetia matone matatu kwenye damu ya Miwani. Si kile kichupa chenye jina lake, mimi si mjinga, hiyo ni damu yangu. Damu yake hasa!

Saa kumi jioni
Njano. Jina langu, njano tupu! Hamira imekaa ndani ya chembe, imestarehe. Daktari kanitazama kwa huruma; heri angefoka. Kasema chembe zangu zinameza lakini ujumbe haufiki, huo ni ugonjwa mzito, nisiguse kijidudu chochote hadi nipimwe upya. Miwani kapata cheo kwa buluu hafifu. Yangu!

Ijumaa, 7 Machi
Nyumbani. Dada kanifunika mashuka mawili, kaninyang'anya hata wembe wa kunyolea. Miwani kapiga simu analia: kaka, ungesema mapema unaumwa, ningekuachia. Seremala kaleta kibao. Kimependeza.

Jumapili, 9 Machi
Kesho napimwa. Damu yangu ni nzima, itanisafisha mara moja. Lakini kwa nini nibahatishe? Nimemshawishi shemeji, mume wa dada, atoe yake. Hajawahi kuugua hata mafua. Kauliza kwa nini nisitoe yangu tu. Watu wengine hawana upeo. Vibandiko ninavyo mfukoni.